Askari wa Badala

Kwa miaka mitatu, mwanzoni mwa miaka ya sabini, nilikuwa mtu pekee katika mtaa wa Hodge Hill aliyeweza kukueleza jinsi soli ya kiatu cha askari wa Kirumi ilivyopigiliwa misumari, na huenda nilikuwa pia mtu pekee ambaye soli zake mwenyewe zilikuwa zikiingiza maji. Nilikuwa na miaka ishirini na saba. Nilikuja Birmingham kwa ufadhili wa masomo ambao hadi leo nashuku niliupata kwa sababu faili yangu ilikaa juu ya faili ya mtu mwingine. Nyumbani, baba yangu aliwatangazia watu kanisani kwamba nasomea uhandisi. Sikumsahihisha. Ungemwelezaje mtu aliyeuza ng'ombe ili umalize shule kwamba umevuka bahari kwenda kuchunguza namna watu waliokufa zamani sana walivyoandikishwa jeshini, na nani aliwapa kofia?

Chumba nilipanga kwa mtu wa wilaya yetu. Hapa nitamwita Mzee, kama nilivyomwita wakati ule. Jina lake ndilo habari yenyewe, kwa hiyo msomaji aniwie radhi.

Karatasi zake zilisema ana miaka hamsini na tatu. Uso wake ulisema zaidi, hasa asubuhi, alipokuwa akikohoa bafuni huku mimi nikisubiri zamu yangu na taulo begani. Alikuwa amepigana vita vikuu vya pili katika jeshi la Mfalme, huko Burma, na baada ya uhuru ofisa wake wa zamani akamleta Uingereza kuwa dereva wake. Ofisa akafa, Mzee akabaki. Nilipomjua alikuwa akifanya kazi Tyseley, katika kiwanda cha vitu vidogo vya shaba. Upande mmoja walitengeneza vishikio vya makabati, upande wa pili vishikio vya majeneza, pamoja na vibati vya kuandikia majina ya marehemu. Yeye alikuwa upande wa pili. "Natengeneza kishikio ambacho mwenye nacho hakishiki," alipenda kusema, na alisema hivyo kwa kila mgeni.

Mkewe, niliyemwita Mama, alikuwa muuguzi msaidizi katika wodi ya wazee. Alimwita mumewe kwa jina la binti yao, Baba wa fulani, kama wake wa kwetu wanavyofanya. Binti mwenyewe, aliyekuwa na miaka kumi na kuelewa kila tulichosema na kujibu yote kwa Kiingereza, alimwita Dadi. Kazini walimwita Afande. Ilinichukua zaidi ya mwaka kutambua kwamba katika nyumba ile hakuna aliyewahi kulitamka jina lake.

Jumapili, baada ya ibada, tulikaa sebuleni mbele ya hita ya mafuta ya taa, iliyotutia joto magotini na kutunyima mgongoni. Mimi nilisoma maelezo yangu, na Mzee aliwasahihisha Warumi.

"Kuruta alipimwa urefu," nilimwambia siku moja. "Akaangaliwa macho, kifua, mikono. Kisha akaulizwa ni mtoto wa nani na ametoka wapi."

"Na meno?"

"Meno sijayaona popote."

"Basi vitabu vyako viliandikwa na watu ambao hawajawahi kuandikishwa. Meno ndiyo kwanza. Sajini alinifungua mdomo kama mbuzi wa mnadani."

Nilimsomea jinsi walivyopendelea wahunzi, wachinjaji na wawindaji, na jinsi wavuvi, wafumaji na wapishi wa keki walivyokataliwa.

"Na wasomi?"

"Waliojua kusoma na kuandika walihitajika ofisini."

"Hapo ungepona," alisema, akatazama miguu yangu iliyokuwa imenyooshwa mbele ya hita. "Lakini kwa nyayo hizo bapa, profesa, wangekurudisha kwa mama yako kabla ya chai."

Niliandika sentensi moja kuhusu meno katika sura ya pili. Msimamizi wangu akaandika pembeni kwa penseli: Ushahidi? Nilitazama neno lile kwa muda, kisha nikafuta sentensi. Ushahidi ulikuwa umekaa Hodge Hill ukila viazi, lakini haukuwa na nambari ya ukurasa.

Alijua mambo mengine ambayo hayakuwa na nambari ya ukurasa. Kwamba viatu vipya vikitolewa, kila mtu hupewa saizi isiyo yake, na kazi ya kwanza ya askari ni kubadilishana na mwenzake kabla sajini hajageuka. Kwamba usiku wa kwanza unavilalia kama mto, visiibiwe. Kwamba wao nao, kama Warumi na panga zao za mbao, walifanya mazoezi kwa miezi na mbao zilizochongwa mfano wa bunduki, na ubao ulikuwa mzito kuliko bunduki yenyewe. Nilipomwambia kwamba kuruta wa Kirumi alivishwa shingoni kipande kidogo cha madini ya risasi chenye jina lake, alikwenda chumbani akarudi na kopo la biskuti. Ndani yake mlikuwa na kisahani cha utambulisho cha jeshi, cha rangi ya udongo, kimetobolewa tundu, na uzi uliooza. Alinionyesha kwa mbali, kama mtu anayeonyesha karata, akakirudisha ndani.

Picha iliyompendeza kuliko zote ilikuwa ya kofia ya chuma iliyofukuliwa mtoni. Ukingoni mwake palikuwa na majina matatu, yamepigwa nukta nukta kwa ncha ya msumari, kila askari aliyeirithi kofia akiongeza la kwake. Nilimweleza kwamba wataalamu wengine wanaona hapo fahari ya askari kwa vifaa vyake.

"Fahari gani? Ni wizi. Ukipotezewa kofia unalipa wewe. Unapiga jina lako haraka kabla mtu hajakuzunguka." Akaisogeza picha karibu na dirisha. "Lakini huyu wa tatu hakulifuta la wa kwanza."

"Labda hakuwa na nafasi."

"Labda," alisema. Alikaa na ile picha hadi Mama akatuita mezani.

Jumapili nyingine nilimletea habari niliyoiona kuwa tamu sana. Gavana mmoja wa jimbo la mbali aligundua watumwa wawili miongoni mwa makuruta wake, watu ambao hawakuruhusiwa kabisa kuwa askari. Walikuwa wamekwisha kula kiapo. Akamwandikia Kaizari kuuliza awafanye nini. Na Kaizari akajibu kwamba ichunguzwe kwanza waliingiaje. Ikiwa walichukuliwa na waandikishaji, kosa ni la waandikishaji. Ikiwa walitolewa kuwa badala ya watu wengine, kosa ni la waliowatoa. Ikiwa walijileta wenyewe, wakijua walivyo, basi waadhibiwe wao. Nilisoma kwa sauti ya mhadhara, nikijipenda sana.

Mzee aliinama akapunguza moto wa hita, ingawa ulikuwa tayari mdogo.

"Wakauawa?"

"Haijulikani. Barua zinaishia hapo."

"Yaani umesoma miaka yote hiyo na hujui kama waliuawa."

"Hakuna anayejua, Mzee."

"Na huyo wa badala. Kosa ni la aliyemtoa?"

"Ndivyo alivyosema Kaizari."

"Basi kosa ni la baba yangu," alisema.

Mama alikuwa kazini siku hiyo na binti alikuwa ametoka kucheza. Alinieleza kwa maneno machache, akitazama hita. Chifu alileta orodha, na katika orodha kulikuwa na jina la kaka yake mkubwa. Kaka alikuwa ameoa mwaka ule na mkewe alikuwa mjamzito. Asubuhi ya kwenda kituoni baba yao alimtazama mkubwa, akamtazama mdogo, akamwambia mdogo, "Nenda wewe. Wakiita jina la kaka yako, itika." Alikuwa na miaka kumi na sita. Waliita, akaitika. Walimfungua mdomo, wakampima kifua, wakachovya kidole chake kwenye wino, wakamvisha kile kisahani. Jina la kaka yake lilikwenda Burma na kurudi. Likaandikwa kwenye leseni ya udereva, kwenye pasipoti, kwenye cheti cha ndoa, kwenye kadi ya kiwandani. Kwetu mzaliwa wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba, na wa pili la babu mzaa mama, kwa hiyo alikuwa pia amevaa jina la babu ambalo halikuwa fungu lake. Na alikuwa mdogo kwa miaka mitano kuliko karatasi zake. Nilipomtazama tena uso wake, hesabu ile haikunifurahisha.

"Mama anajua?"

"Ananijua mimi," alisema. "Jina hajawahi kulihitaji."

Miezi michache baadaye daktari alimpiga picha ya kifua na kumwambia aache kazi. Hakuacha. Lakini Jumapili iliyofuata aliniambia niache Warumi wangu kidogo, nimwandikie barua.

"Kaka ndiye pekee aliyebaki anayejua," alisema. "Aende ofisi ya wilaya kwa D.O., aape kwamba mimi ni mimi. Nikiwa na karatasi hiyo nitajua la kufanya. Sitaki kitu kingine. Sitaki tu nizikwe nikiwa kaka yangu."

Niliahidi kuandika wiki hiyo. Na hapa ndipo ninapofika mahali ambapo nimekuwa nikipazunguka kwa miaka.

Mtu yeyote mwenye akili angechukua karatasi moja akaandika: kaka, nakohoa, nenda ukaape. Mimi nilikuwa msomi. Niliandika rasimu. Nikaona haina mpangilio, nikaandika nyingine iliyoeleza suala la utambulisho wa askari tangu zamani, na hiyo ilikuwa na tanbihi. Naapa ilikuwa na tanbihi. Kisha nikaona nisubiri nimalize sura ya ngao, ili nikirudi niwe na kichwa chepesi. Ngao ya Kirumi ilitengenezwa kwa mbao nyembamba zilizogandishwa kwa gundi, tabaka juu ya tabaka, na mimi nilizama katika swali la gundi. Kila Jumapili Mzee aliniuliza, "Barua imekwenda?" na mimi nikajibu, "Inakaribia, Mzee." Hakunikaripia. Alikuwa mtu wa jeshi, alizoea mambo ya ofisini kuchelewa. Barua iliondoka mwezi wa tatu baada ya ahadi, kurasa saba.

Ilijibiwa na mtoto wa kaka yake, kwa mwandiko mzuri wa shule. "Baba mdogo mpendwa," alianza, kisha akaeleza kwamba baba yake alifariki wiki tano zilizopita, wakamzika kando ya babu, na jina lake wamelichonga kwenye saruji. Barua yetu ndefu wameipokea na kuisoma kikao kizima, lakini hakuna mtu aliyeelewa inataka nini. Nilihesabu wiki kwa vidole, na kisha kwa kalenda, nikitumaini kalenda ingekuwa na huruma kuliko vidole. Kaka mtu alikufa nikiwa bado katika gundi.

Nilimsomea Mzee jibu lile sebuleni. Akaanza kucheka, na kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikachukua muda mrefu.

"Basi nimeshazikwa," alisema alipopata pumzi. "Tena kwa saruji."

Nilimwambia, kwa haraka ya mtu mwenye hatia, kwamba twende kwa wakili hapa Birmingham, aape mwenyewe.

"Niape nini? Kwamba nililidanganya jeshi, nikaidanganya pasipoti, nikamdanganya mchungaji siku ya ndoa? Na huyu mama wa watu, ameolewa na nani? Na marehemu? Na mtoto ni wa nani?" Akakunja barua. "Kijana, wewe umeshaandika vya kutosha."

Nilistahili.

Majira ya baridi yale umeme ulikatwa mara nyingi na viwanda vilifanya kazi siku chache kwa wiki. Mzee alidhoofika. Jumamosi moja alasiri, Mama akiwa zamu, rafiki yake wa kiwandani alikuja kumwona kutoka Great Barr. Alikuwa Kalasinga aliyezaliwa Nairobi, fundi wa kuchonga maandishi kwenye shaba, na Kiswahili chake kilikuwa kimekaa sawasawa kuliko changu. Alitoa mfukoni kifurushi cha gazeti. Ndani yake mlikuwa na kibati cha jeneza, kimesuguliwa kiking'aa, na mbele yake amechonga kwa herufi za kupendeza jina lile la kwenye karatasi.

"Afande, hiki ni kizuri kuliko cha meneja wetu alipokufa," alisema. "Na yeye alilalamika."

"Alilalamika vipi na amekufa?"

"Mkewe alilalamika. Ni mamoja."

Mzee alikigeuza kibati. Nyuma kulikuwa kutupu. Akamwomba Fundi msumari wa chuma kigumu, wa kupigia alama, na nyundo ndogo, na Fundi alikuwa navyo vyote ndani ya koti, jambo linalonifanya niamini kwamba walikuwa wamepanga. Kisha Mzee akanisukumia vitu vile mezani.

"Kama ile kofia yako," alisema. "Nukta nukta. La mbele usiliguse."

"Mzee, piga wewe. Au Fundi, yeye ana mkono."

"Kuruta hajiandiki mwenyewe. Huandikwa. Na wewe una deni la barua."

Akanitajia jina lake. Ilikuwa mara ya kwanza kulisikia, na alilitamka kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza na si kujibu. Nikaweka kitambaa cha vyombo chini ya kibati na nikaanza. Kwa miaka mitatu nilikuwa nimeeleza kwa kujiamini namna majina yalivyopigwa kwenye chuma, na sasa nilijua kwamba msumari huteleza, kwamba nukta ya pili haikai kamwe kwenye mstari wa kwanza, na kwamba kidole gumba huvimba mara moja. Herufi za mwanzo zilikuwa kubwa mno. Za mwisho zilibanana ukingoni. Fundi alitazama dirishani muda wote, kwa adabu.

Mzee alikiinua kibati kwenye mwanga akapitisha kidole juu ya nukta.

"Sajini angekufunga siku tatu," alisema. Lakini alikiweka ndani ya kopo la biskuti, pamoja na kile kisahani, na akafunika.

Alilazwa katika hospitali aliyofanyia kazi Mama. Nilipokwenda kumwona alinyanyua mkono, kifundoni amefungwa utepe wenye jina la kaka yake. "Wamenivalisha tena," alisema. Hayo si maneno yake ya mwisho. Ya mwisho yalihusu kodi ya chumba changu na kwamba nisimsumbue Mama kuhusu bomba la bafuni. Alikufa asubuhi ya Jumanne, mvua ikinyesha. Mama ndiye aliyemwosha.

Fundi aliwaambia watu wa mazishi kwamba kibati ni zawadi ya wenzake kazini, na hawakuwa na neno. Waliruhusu akikaze yeye mwenyewe. Nilisimama karibu naye. Alikigeuza, akatazama kazi yangu ya nyuma kwa jicho la fundi, akavuta pumzi kama mwenye maumivu ya jino, akakigeuza tena na kuingiza skrubu moja baada ya nyingine. "Karatasi ziko juu, Afande yuko chini," alisema. Binti alisimama kando akisoma jina la baba yake kwenye shaba, na akaniuliza kwa Kiingereza kama ni mimi niliyeliandika. Nikasema hapana, na kwa jina lile ilikuwa kweli.

Makaburini mchungaji alimwita kwa jina la kaka yake mara nne. Nilihesabu. Kila mara nilihisi kidole gumba kikipwita.

Jioni, wageni walipoondoka, nilibaki jikoni nikimsaidia Mama kukausha vikombe. Yeye aliosha. Kisha, akiwa bado amenipa mgongo, akaniuliza, "Uliandika nini kule nyuma?"

Nikamwambia sijui anazungumzia nini. Sijawahi kuwa mwongo mzuri, na pale nilikuwa nimeshika kikombe kimoja nikikikausha kwa mara ya tatu.

"Kitambaa changu cha vyombo kina matundu," alisema. "Na kibati kilikuwa ndani ya kopo. Kopo nalijua kabla hujaja Uingereza. Miwani yangu ilikuwa kazini, na hizo nukta zako hazisomeki. Uliandika nini?"

Nikamtajia jina. Aliacha maji yakitiririka. Akalitamka mara moja, polepole, kisha akakaa nalo, akitazama dirisha ambalo kwa giza la nje lilimwonyesha yeye tu.

"Halimkai," alisema.

Akafunga bomba, akaniuliza kama nimekula.